Matairi Mapya na Mkoba Uliosingiziwa

Mtaani walimwita Mzee Kona. Mwenye jina alidhani ni kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba watu walikuwa wamechoka. Maisha yake yote alikuwa dereva wa malori, yale marefu ya kuvuta tela, na kila akirudi safari alikuwa na hadithi moja tu: barabara ya kona kule milimani.

"Ile barabara," alikuwa akimwambia mkewe, bado yuko mlangoni anavua viatu, "ukiiona utadhani mtu alisimama juu akaangusha utepe, halafu akasema haya, pitieni hapo hapo ulipoangukia."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Anasukuma kitambaa, pini mdomoni, anajibu, "Mmh."

Miaka ikaenda hivyo. Kona zilezile, pini zilezile, "mmh" ileile. Wala mama wa watu hakuwahi kuiona hiyo barabara, maana lori la tajiri halibebi mke wa dereva. Ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu kabisa: abiria hapana. Sasa utafanyaje? Unasimuliwa, unasema mmh, unashona.

Basi mzee akastaafu. Watu wakasema huyu sasa atajenga vibanda vya kupangisha, au atafuga kuku, mambo ya watu wenye akili zao. Yeye akatoka asubuhi kwa miguu, akarudi na gari la spoti. Lilikuwa limetumika sana, lakini la spoti kweli: njano ya kiini cha yai, fupi, bapa, limelala chini hadi paka wa jirani akawa anapanda juu yake bila kuruka. Viti viwili tu.

"Viti viwili," mzee akamwambia mkewe, kifua mbele. "Kimoja changu, kimoja chako. Hakuna tajiri, hakuna tela. Nakupeleka ukazione kona."

Mkewe alilizunguka lile gari akiwa na futi yake shingoni, akaliangalia vile anavyomwangalia mteja mwenye mwili wa taabu.

"Hili halipandwi," akasema. "Hili linavaliwa. Ni kiatu hiki."

Na jina likakaa hapo hapo. Kiatu.

Lakini alilivaa, na alilipenda pia, ingawa hakusema. Wakawa wanazunguka mitaani jioni, yeye na mkoba wake mapajani. Sasa huo mkoba nao lazima niuseme, maana ndio wenye kesi. Ulikuwa mkoba wa kahawia, wa ngozi, mkubwa kiasi cha kumficha mtoto, na ndani yake mna mkasi, bati la vifungo, vipande vya vitambaa, miwani, miwani nyingine ya kutafutia ile ya kwanza, na vitu ambavyo hata mwenyewe alishasahau. Hakuenda popote bila mkoba.

Siku moja ikanyesha. Wakafika raundabauti ya sokoni, mzee akakata usukani vizuri tu kama kawaida yake, mara mkia wa gari ukaamua kwenda mbele. Kiatu kikageuka chote, polepole, kama mtu anayejionyesha nguo mpya, kikasimama kikiangalia kule kilikotoka. Hakikugusa kitu. Ila kwenye baraza la duka pale walikuwa wamejikinga mvua wateja wa mama, wengi tu, na wote wakaona.

Wiper zinakwenda, fya, fya.

Hapo mzee angeweza kusema neno lolote. Angeweza kusema pole mke wangu. Angeweza kusema mvua hii. Lakini dereva wa maisha yote, mbele ya umati, akafungua mdomo akasema, tena kwa sauti:

"Ni huo mkoba wako. Umeuweka upande mmoja, gari limeelemewa!"

Mkewe akafungua mkanda. Kutoka kwenye Kiatu si kazi ndogo, unatanguliza mguu, unashika paa, unaomba dua, lakini siku ile alitoka kama cheche. Akaukumbatia mkoba wake, akatembea kwenye mvua mpaka nyumbani. Alipofika akajifuta, akaketi kwenye cherehani, akasema neno moja tu:

"Mimi na mkoba wangu ni wazito. Hatupandi tena."

Na hakununa, ndiyo taabu yenyewe. Angenuna, mzee angejua pa kuanzia. Alipika, alicheka, aliuliza kama mgongo unauma. Ila mzee akitikisa funguo, yeye anatia pini mdomoni. Kile kiti cha pili kikabaki kitupu, na barabara ya kona ikabaki kule kule kwenye hadithi. Mzee akawa anakwenda kukaa peke yake ndani ya gari uani, anashika usukani, injini imezimwa.

Ndipo jirani akapita akaangalia matairi ya nyuma, akasema, "Mzee, haya yanang'aa kuliko kichwa chako."

Kweli yalikuwa kipara. Mzee akapata wazo, akaingia ndani mbio mbio.

"Mama, tunabadilisha matairi. Njoo uchague wewe mwenyewe. Ukiyachagua wewe, utayaamini."

Mkewe akafikiri, akakata uzi kwa meno. "Kuchagua nitakuja. Kwa miguu."

Sasa picha hiyo asubuhi yake. Mama anatembea kando ya barabara, mkoba begani, hana haraka. Kiatu kinamfuata ubavuni mwendo wa konokono, dirisha liko wazi. Na kwenye kiti cha mama ameketi nani? Shemeji. Mdogo wake mama, mtu asiye na hata baiskeli, lakini hakuna gari duniani asilolijua tabia. Alisikia neno matairi akajitokeza bila kuitwa.

"Dada, karibu!" Shemeji anapunga mkono. "Kiti ni laini!"

"Endelea kukipasha moto," dada yake akajibu bila kugeuka.

"Mama, panda basi," mzee akabembeleza. "Watu wanatuangalia."

"Siku ile hukujali kuangaliwa."

Muuza karanga akaacha kufunga karanga. "Mzee, umefukuzwa au unaposa?"

"Anaposa!" Shemeji akapaza sauti. "Mimi ndiye mshenga!"

"Mshenga gani anakalia kiti cha bibi harusi?" muuza karanga akauliza, na barabara nzima ikacheka. Mama naye mabega yakamtikisika kidogo. Mzee aliliona hilo, akapata tumaini.

Duka la matairi lilikuwa kwenye kona ya barabara kuu. Mwenye duka mwanamke mrefu, ovaroli imekunjwa mikono, wote walimwita Dada Jeki, maana alikuwa akinyanyua gurudumu kwa mkono mmoja huku wa pili ameshika kikombe cha chai. Matairi yamepangwa mpaka darini, na ile harufu ya mpira mpya inakupokea toka nje.

"Karibuni wazee wangu. Ah, na hiki kinjano! Hiki kinataka viatu vya maana."

"Umeona?" mama akasema. "Hata yeye anajua ni kiatu."

Mzee hakungoja kuelezwa. Akakunja ngumi, akaanza kupita kwenye matairi anayagonga moja moja, ko, ko, ameinamisha sikio, jicho amelifumba. Ndivyo madereva wa malori wanavyofanya. Kabla ya safari unachukua chuma unayagonga yote, na linaloumwa litakuambia kwa sauti yake.

Dada Jeki akamwangalia kwa muda, akanywa chai. "Mzee wangu, hayo hayajajazwa upepo. Yatakuambia nini?"

"Yananiambia," mzee akasema, ameshaingia, atatokaje. "Hili lina sauti nzuri."

"Hilo ni la toroli, mzee."

Shemeji alicheka hadi akashika nguzo. Lakini zamu yake nayo ilikuwa karibu, maana alishaona tairi lake. Lilikuwa limetundikwa peke yake ukutani, jeusi tii, pana, mikato michache tu.

"Hili!" akasema. "Shemeji, hili ndilo la wanaume. La mashindano. Hili likishika lami haliachi, lami yenyewe ndiyo inaomba msamaha."

"Ni kweli linashika," Dada Jeki akasema. "Mpira wake laini, ukilibonyeza na ukucha linabonyea. Likipata joto kwenye lami kavu linaganda kama gundi. Lakini angalia, halina mifereji. Ikinyesha, maji yatapita wapi? Utakuwa unaendesha mtumbwi."

"Mvua itakuja lini?" Shemeji akauliza.

Wote wakatazama nje. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya duka la jirani kabisa.

"Na lile pale?" mzee akauliza kwa sauti ya chini, anamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameonyesha tairi la kistaarabu, mpira mgumu, mikato midogo midogo. "Lile si ndilo la upole?"

"Lile halina kelele, na linadumu sana. Watu wa kwenda kazini na kurudi wanalipenda. Ila kwa gari hili, mzee, ni sawa na kumvalisha mkimbiaji kandambili. Atafika, lakini hatafurahi."

"Ndilo hilo basi," Shemeji akakata shauri. "Dada anaogopa mwendo. Mfungieni kandambili."

Mama alikuwa na shughuli yake muda wote huo. Alikuwa amevaa miwani, ile ya kwanza, anapita taratibu na mkoba wake, anapitisha kidole kwenye mikato kama anavyopitisha kwenye marinda. Akasimama mbele ya tairi lililokuwa sakafuni, kati ya yale ya mashindano na yale ya upole. Lilikuwa na mifereji mirefu inayozunguka tairi lote, na pembeni mpira mzito, ubavu umejaa.

"Binti yangu, maji yakiingia hapa yanatokea wapi?"

"Yanaingia katikati, mama, yanasukumwa pembeni. Ndiyo maana kuna mshale huu ubavuni, lazima lizunguke upande wake, ukilifunga kinyume linayavuta maji badala ya kuyatoa."

"Na kwenye kona?"

"Kwenye kona linategemea huu ubavu. Halilali. Kavu linashika, mvua linashika. Ubaya wake linaisha haraka kuliko lile la upole, na litanguruma kidogo."

"Likinguruma si vibaya," mama akasema. "Ninaishi na cherehani." Akavua miwani. "Hili hapa."

"Dada, hilo ni la mwendo!" Shemeji akashangaa.

"Nani amekuambia naogopa mwendo?"

Mzee akamgeukia mkewe, mdomo wazi.

"Kumbe huogopi?"

"Siku ile mpaka tunaingia raundabauti nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nataka kukuambia uongeze."

"Sasa... sasa kilichokushusha ni nini?"

Mama akauhamisha mkoba toka bega hili kwenda lile. "Unakijua."

Mzee akakohoa. Akatazama dari, akatazama jeki, akatazama mahali popote pasipokuwa na mkoba. Halafu, mtu akibanwa hivyo, anakimbilia kazi anayoijua. Akapiga makofi.

"Haya, Dada Jeki! Tushughulike. Yaliyokwisha ni mawili tu ya nyuma. Lete mapya mawili, yafunge mbele. Ya mbele bado yana uhai, yarudishe nyuma. Kama kawaida."

Dada Jeki alikuwa ameshaanza kuvingirisha tairi. Akasimama. "Kawaida ya nani, mzee?"

"Ya madereva!" Hapo mzee alipata nguvu, kifua kikarudi mahali pake. "Wewe bado mdogo, hukuona malori. Lori tairi zuri linakaa mbele, daima. La mbele likipasuka usukani unakuponyoka, umekwenda bondeni. Nyuma yapo mengi, moja likifa wenzake wanabeba. Mimi toka naanza kazi zuri mbele, bovu nyuma, na niko hapa nazungumza nawe. Hata hili, siku nimelinunua tu, nilinunua mawili mapya nikayafunga mbele kwa mkono wangu mwenyewe. Nikayaacha yale ya zamani nyuma."

"Yale kipara?"

"Yalikuwa yanaelekea kipara."

Dada Jeki akaweka kikombe chini. Hakucheka, alikuwa mtu wa adabu. "Mzee wangu, kwenye lori nakuunga mkono. Lakini hiki ni chepesi, na kinasukumwa na miguu ya nyuma. Ya mbele yakiteleza, usukani unakuambia, unapunguza mwendo, yamekwisha. Ya nyuma yakiteleza hayapigi hodi. Ukiwa na mazuri mbele na kipara nyuma, halafu ikanyesha, halafu ukakata kona..." Akachora duara hewani kwa kidole, taratibu, duara zima. "Mkia unakuja mbele."

Shemeji akalitazama lile duara, kisha akamtazama mzee.

Mama alikuwa anakifuata kile kidole. Kilipomaliza duara, akauliza kwa upole sana, ule upole unaotisha:

"Binti yangu, tuseme katika gari hilo kuna mtu amepakata mkoba."

"Mkoba, mama?"

"Huu."

Dada Jeki akaupima kwa macho. Akaunyanyua kidogo, akaurudisha. "Mama, hata ungekuwa umepakata cherehani yenyewe. Huu hauhusiki."

Sasa mzee amesimama katikati ya duka. Mlango ulikuwa wazi, njia ya kutorokea ilikuwepo. Angeweza kusema lami ilikuwa na oili. Shemeji mwenyewe alianza kumsaidia, "Lakini shemeji, siku ile nasikia palikuwa na oili..." Mzee akainua mkono kumnyamazisha. Alikuwa anamtazama mkewe, na alikiona kile kiti kitupu, na ile barabara aliyomsimulia mpaka akaijua bila kuiona.

"Hapakuwa na oili," akasema. "Ni mimi. Nililifunga kama lori."

"Mmh," mama akasema.

"Nisamehe, mama."

"Mimi sikusingiziwa," mama akajibu. Akauteremsha mkoba begani, akauweka juu ya rundo la matairi, ukakaa pale umejaa, vishikio juu, kama mkwe aliyekuja kudai haki yake. "Mwenye kesi huyu hapa."

"Nani?"

"Mkoba."

"Mama! Mbele za watu?"

"Kwani ulimsingizia wapi? Chumbani?"

Muuza karanga, sijui alifika saa ngapi, alikuwa mlangoni na sinia lake. Na wateja wengine walikuwa wamejikinga, maana matone yalikuwa yameanza. Mzee akavua kofia. Akasogea kwenye rundo la matairi, akainama kidogo.

"Mkoba," akasema, "nisamehe. Kosa lilikuwa langu. Wewe ni mwepesi."

"Usiseme uongo tena," mama akasema. "Si mwepesi."

"Wewe ni mzito, lakini huna kosa."

Mama akasogeza sikio lake kwenye mkoba, akasikiliza, mkono juu kuwatuliza watu. "Anasema amekubali. Ila anataka matairi yote manne, ya aina moja. Hataki kuchechemea."

Duka zima likapasuka kwa kicheko, na mzee ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho kwa kofia. Dada Jeki akapiga jeki, spana zikalia, rimu zikatoka, na mapya yakaingia manne, mishale yote ikiangalia mbele. Mzee aliiangalia mishale moja moja. Halafu yalipojazwa upepo akayagonga kwa ngumi, ko, ko, na safari hii Dada Jeki akamwacha.

"Ila mzee, mapya yana utelezi wa kiwandani. Mwanzo nenda nayo polepole, yatoke aibu."

"Umesikia?" mama akamwambia mumewe. "Yana aibu. Yako kama wewe."

Akamgeukia mdogo wake, ambaye alikuwa ameshashika mpini wa mlango wa gari. "Toka hapo, mshenga. Kazi imekwisha."

"Dada, mvua inanyesha! Nami nitarudi na nini?"

"Na lile tairi la wanaume. Si mtumbwi lile?"

Mama akatanguliza mguu, akashika paa, akajiteremsha taratibu mpaka akakaa. Akajifunga mkanda. Mkoba akaupakata katikati kabisa ya mapaja yake, akaupima kushoto na kulia, akamtazama mumewe.

"Tumekaa sawa, dereva?"

"Mmekaa sawa."

Wakaondoka. Mvua ilikuwa imeshika vizuri, barabara inang'aa. Raundabauti ya sokoni ikatokea mbele, na kwenye baraza lile lile palikuwa na watu wale wale wa kukimbia mvua. Mzee akapunguza mwendo, mikono miwili kwenye usukani. Akakata. Kiatu kikageuka, kikashika, maji yakaruka pembeni, mkia ukabaki nyuma mahali pa mkia.

"Zunguka tena," mama akasema.

"Tena?"

"Wale hawajaniona vizuri."

Wakazunguka tena. Mama akawapungia mkono wateja wake. Walipofika kwenye njia ya kurudi nyumbani mzee akawasha taa ya kugeuka, mama akaizima kwa kidole chake.

"Njia ya milimani ni ipi?"

"Ile kule. Lakini mama, ni mbali. Na nguo za watu kwenye cherehani?"

"Nimeshona miaka yote hiyo unanisimulia. Zitanisubiri."

Basi wakaenda, polepole, matairi yanatoka aibu. Mvua ikakatika njiani, mawingu yakainuka kama pazia, na milima ikawa pale mbele, ya bluu, mikubwa. Barabara ikaanza kupanda. Ilipojipinda mara ya kwanza, mzee akakaa vizuri kitini, akasafisha koo.

"Sasa hii, mama, hii ndiyo ile kona niliyokuwa nakuambia, ukitazama huku utaona—"

Mama akamwekea mkono mdomoni, bila kugeuza uso kutoka kwenye kioo.

"Nyamaza kidogo, baba. Niache niione."